Moshi umejaa, Moshi imejaa: herufi kubwa na mkato kwenye insha ya mtoto

SWALI: Shikamoo Mwalimu. Mimi ni mama wa watoto wawili, nauza vitenge Soko la Kilombero hapa Arusha. Kijana wangu yuko darasa la tano, shule ya mchepuo wa Kiingereza. Wiki iliyopita karudi na insha mbili zimejaa kalamu nyekundu. Ya Kiswahili inaanza hivi: "Siku ya jumamosi tulienda moshi kwa Bibi yangu. Ana nyumba, kubwa, nyeupe chini ya Mlima kilimanjaro." Ya Kiingereza ina maneno "a cold windy, morning". Mwalimu wake kaandika chini: "Rudia nomino za kawaida na za pekee, na matumizi ya mkato kwenye vivumishi." Nilipomuuliza mtoto nomino ya pekee ni nini, kanijibu ni jina la mtu au mahali. Nikamwambia soko nalo ni mahali, mbona halina herufi kubwa? Kanyamaza, na mimi nikanyamaza. Tuanzie wapi? Au nimpeleke tuisheni?

JIBU: Marahaba, mama. Swali ulilomuuliza mwanao ni zuri kuliko fasili aliyokaririshwa, kwa hiyo tuanzie hapo hapo sokoni.

Soko ni mahali, mwalimu ni mtu, na yote mawili ni nomino za kawaida. Kinachoangaliwa si aina ya kitu, ni kazi ya jina. Nomino ya kawaida huita kila kilicho cha aina hiyo: soko lolote, mlima wowote, bibi wa mtu yeyote. Nomino ya pekee imekabidhiwa kimoja ili kijulikane miongoni mwa wenzake: Kilombero miongoni mwa masoko, Meru miongoni mwa milima, Neema miongoni mwa wasichana wa darasa. Neno "pekee" nalo lisimtishe akadhani lazima kiwe kimoja tu duniani. Kilombero nyingine iko Morogoro, na akina Neema wanaweza kuwa wanne darasa moja. Bado kila mmoja kapewa jina lake. Jua, kwa upande wake, liko moja tu juu yetu na hatuliandiki kwa herufi kubwa, kwa sababu hakuna aliyelibatiza. Tunaliita jua, basi.

Hayo ni maelezo, na mtoto wa darasa la tano atayasahau kabla ya Ijumaa. Kipimo kizuri zaidi anacho tayari kichwani bila kujua, kwa kuwa Kiswahili amekinywa tangu utotoni. Mtamkie sentensi hizi mbili akiwa amefumba macho:

Moshi umejaa jikoni.
Moshi imejaa wageni.

Muulize ipi ni mji. Hatakosea, na hajaona hata herufi moja. Kilichomwambia ni kiambishi cha kitenzi. Moshi wa kuni uko kwenye ngeli ya U-I, hivyo "umejaa". Jina la mji huchukua "i-", hivyo "imejaa". Na hapa kuna jambo ambalo watu wazima wengi hawajaliwaza: neno "mji" lenyewe hupatanishwa kwa "u-", tunasema mji umejaa, lakini ukishautaja kwa jina lake "u-" inaondoka. Arusha imepoa, Tanga imechangamka, Moshi imejaa. Jina la pekee lina upatanisho wake, na upatanisho huo husikika.

Endelea naye hivyo hivyo. "Neema imeshuka" ni maneno ya kanisani. "Neema ameshuka" ni msichana katelemka kwenye daladala. "Baraka zimefika" na "Baraka amefika" ni habari mbili. "Simba amekula mbuzi" ni taarifa ya kijiji kilicho jirani na hifadhi, na "Simba imeshinda" ni taarifa ya Jumapili jioni. Nomino ya dhahania au ya mnyama ikigeuzwa jina la mtu, la timu au la mahali, inahama na upatanisho wake unahama nayo. Mtoto anayesikia kuhama huko ameshajua wapi pa kuweka herufi kubwa.

Ukitaka mfano utakaomchekesha, mko nao njiani. Mkitoka Arusha kwenda Moshi mnapita Tengeru, Usa River, kisha Maji ya Chai. Aseme: "Maji ya chai yamechemka." Halafu: "Maji ya Chai imechangamka siku hizi." Maneno ni yale yale matatu, kiambishi kimebadilika kutoka "ya-" kwenda "i-", na "chai" imepata herufi kubwa. Tazama pia kwamba "ya" imebaki ndogo. Viunganishi vya namna hiyo, yaani ya, wa, la, cha, havikui vikiwa katikati ya jina: Boma la Ng'ombe, Mnara wa Saa, Azimio la Arusha.

Milima na mito ina raha yake, maana jina moja hubeba vitu viwili. "Kilimanjaro umefunikwa na wingu" ni mlima. "Kilimanjaro imepata mvua" ni mkoa. "Pangani umefurika" ni mto, ule unaokusanya maji ya Kilimanjaro na Meru. "Pangani ina fukwe nzuri" ni wilaya ya pwani mto unakoishia. Yote hayo ni majina ya pekee na yote hupata herufi kubwa, ila upatanisho unamwambia msomaji unataja kipi. Mwandishi mzuri hutumia hilo bila kueleza.

Kipimo cha pili ni "-ni" ya mahali. Nomino ya kawaida huipokea: sokoni, mtoni, mlimani, mjini, dukani. Jina la pekee huikataa. Hakuna aendaye "Moshini" wala "Arushani". Ndiyo maana kijana wako aliandika "tulienda moshi" bila "-ni": sikio lake lilijua ni jina la mji, mkono ndio ulioandika moshi wa jikoni. Mwonyeshe hilo, atafurahi kujua kwamba nusu ya jibu alikuwa nayo. Atakuuliza kuhusu Mbuyuni, soko la Moshi mjini, na ni haki yake kuuliza. Jina hilo lilizaliwa likiwa na "-ni" yake, likaganda. Ukisema "nimesimama mbuyuni" uko chini ya mti. Ukisema "nimeshuka Mbuyuni" uko kwenye biashara.

Vipimo hivi vina mwisho wake. Kwa watu, upatanisho haubadiliki: mwalimu amefika, Mwalimu amefika. Hapo ndipo penye "kwa Bibi yangu" ya insha. Ushauri wangu ni kuangalia kama kuna kimilikishi. "Bibi yangu", "mama yake Neema", "mwalimu wetu" ni maneno ya undugu au kazi, herufi ndogo. Neno hilo hilo likikaa mbele ya jina au badala ya jina, likuzwe: Mama Neema, Mwalimu Nyerere, "Shikamoo, Bibi". Angalia mama Neema wanavyotofautiana: "Mama Neema" ndiye wewe, kama mwanao wa kwanza anaitwa hivyo na jirani wanakuita kwa jina lake, lakini "mama yake Neema" ni maelezo tu ya nani kamzaa nani. Na katika Tanzania ukiandika "Mwalimu alisema" kwenye habari za siasa, bila jina lolote, kila msomaji anajua ni Nyerere. Neno la kazi limegeuka jina la mtu mmoja. Wapo waandishi wanaoacha "bibi" ndogo hata linapokaa badala ya jina, sitawagombeza. Ila "Bibi yangu" yenye herufi kubwa haina wa kuitetea.

Sasa "Mlima kilimanjaro". Kijana kageuza mambo: kakuza aina, kapunguza jina. Kilimanjaro lazima ikue popote itakapokaa. Neno "mlima" mbele yake ndilo lenye mjadala, utaliona limeandikwa kwa namna zote mbili. Mimi hulikuza pale linapokuwa sehemu ya jina kamili, kwa hiyo Mlima Kilimanjaro, Mkoa wa Kilimanjaro, Chuo Kikuu cha Ushirika Moshi, Bodi ya Kahawa Tanzania. Likibaki peke yake linarudi kuwa dogo: mlima umefunikwa, mkoa umepata mvua, chuo kikuu kimefungwa, bodi imekutana. Azimio la Arusha la mwaka 1967 likishatajwa mara moja, mstari unaofuata unaweza kusema "azimio hilo". Vilele vyake mlima, Kibo, Mawenzi na Shira, ni majina ya pekee yasiyo na mjadala. Uhuru ni mfano mtamu zaidi: uhuru ulipatikana mwaka 1961, na Uhuru ni ncha ya Kibo, mita 5,895 kutoka usawa wa bahari, ambako waongoza wageni wa Moshi wanafika na wageni wao alfajiri. Kitu kimoja hupatikana, kingine hupandwa.

Yaliyobaki kwenye herufi kubwa ni ya kukariri na hayana utamu. Siku na miezi hukuzwa: Jumamosi, Machi. Majira hayakuzwi: masika, vuli, kiangazi. Watu wa taifa au kabila hukuzwa pamoja na lugha zao: Mtanzania, Wachaga, Kichaga, Wamasai, Kiswahili, Kiingereza. "Mimi" ni ndogo katikati ya sentensi, hata kama Waingereza wanaikuza "I" yao kila inapotokea.

Usimlaumu sana mtoto kwa kuchanganya. Herufi kubwa haitamkwi. Kwa karne nyingi Kiswahili kiliandikwa kwa hati ya Kiarabu, ambayo haina herufi kubwa kabisa, na tenzi zilisomwa na kueleweka. Wajerumani, waliotawala huku kwetu hadi 1916, wao hukuza kila nomino ya lugha yao, ya pekee na ya kawaida. Kwa hiyo ni mapatano ya kila lugha, hayakushuka kutoka mbinguni. Na mtoto wa mjini maneno mengi anayosoma ni ya ubaoni na vioo vya magari: MOSHI, ARUSHA, VIAZI, VOCHA, yote herufi kubwa mwanzo mwisho. Kwenye simu nako ndugu zake wanaandika yote kwa herufi ndogo. Tofauti ataionea wapi kama si daftarini?

Kuna na majina yaliyoshuka cheo. Noah lilikuwa jina la gari la kampuni moja. Leo kijana wa stendi anasema "noa mbili zimeondoka" akimaanisha gari lolote la umbo lile. Mfuko wa rambo vilevile. Jina likishaita aina nzima limekuwa la kawaida, liandike kwa herufi ndogo na kwa tahajia ya Kiswahili.

Tuje kwenye mkato, ambako ndiko kwenye kazi.

Linganisha makosa yake mawili. Kwenye Kiswahili kaandika "nyumba, kubwa, nyeupe". Kwenye Kiingereza kaandika "cold windy, morning". Mwalimu kayawekea mikasi miwili, lakini ni kosa moja. Katika Kiswahili nomino hutangulia na kivumishi hufuata. Katika Kiingereza vivumishi hutangulia na nomino huja mwisho. Kote kuwili mwanao kaweka mkato kati ya nomino na kivumishi kilichoshikana nayo. Naamini najua alikoutoa. Amefundishwa kwamba vitu vinavyofuatana hutengwa kwa mkato, "tulinunua ndizi, maharage, nyama na vitunguu", akaona nyumba, kubwa na nyeupe zimefuatana, akatenga. Mwambie nomino haimo kwenye orodha. Orodha, kama ipo, huanzia kivumishi cha kwanza. Kati ya nomino na kivumishi kinachoigusa hapawekwi kitu, si kwa Kiswahili wala kwa Kiingereza. Kanuni hii moja itafuta nusu ya kalamu nyekundu.

Nimesema "kama ipo" kwa makusudi. Vivumishi viwili kukaa pamoja haimaanishi vimepanga foleni moja. Chukua bidhaa yako. Ukimwambia mteja "hiki ni kitenge kizito, laini, kisichochuja", umempa sifa tatu ambazo kila moja inakielekea kitenge moja kwa moja. Ni kitenge kizito. Ni kitenge laini. Ni kitenge kisichochuja. Unaweza kuanza na yoyote, na unaweza kutia "na" kati yake: kizito na laini. Hivyo ndivyo vivumishi vyenye hadhi sawa, na hivyo ndivyo hutengwa kwa mkato.

Sasa mwanao anahitaji "viatu vya shule vyeusi". Jaribu kutia "na": viatu vya shule na vyeusi. Sikio linakataa. "Vya shule" imeshikana na viatu ikawa kitu kimoja, na "vyeusi" inachagua rangi ya hivyo viatu vya shule. Haielezi viatu peke yake, inaeleza kifungu kizima. Hakuna mkato hapo. Vivyo hivyo "kuku wa kienyeji mnene", "ndizi za kupika mbichi", "mtu mzima mwenye busara". Huyo wa mwisho hana sifa mbili. Ana moja, busara, kwa sababu "mtu mzima" ni neno lililokwisha kuungana.

Kipimo cha "na" kina mtego ambao vitabu vya Kiingereza haviutaji kwa sababu kwao si shida kubwa. Katika wingi, "na" yetu hugawanya makundi. "Mashati meupe na meusi" kwa kawaida ni mashati ya aina mbili, haya meupe na yale meusi. "Maembe mabivu na mabichi" hakuna embe lililo vyote viwili. Kwa hiyo kipimo kifanyike kwenye umoja. Kama sentensi ina wingi, ipunguze kwanza iwe kitu kimoja, jaribu "na", ukishapata jibu rudisha wingi wako.

Kwenye vivumishi viwili tu vyenye hadhi sawa, Kiswahili hupenda "na" kuliko mkato: barabara nyembamba na mbovu. Vikifika vitatu, mkato unaingia kati ya kile cha kwanza na cha pili, na "na" inafunga: barabara nyembamba, mbovu na yenye utelezi. Mkato kabla ya hiyo "na" hauhitajiki. Ukiona Waingereza wengine wanauweka kabla ya "and" yao, na wengine hawauweki, waache na ugomvi wao. Umbo la sifa si lazima lifanane, angalia "yenye utelezi" ilivyokaa na "mbovu" bila tatizo. Msichana mrefu, mwenye nywele fupi, aliyevaa kitenge: kivumishi halisi, kifungu cha "-enye" na kirejeshi, vyote vinamwelekea msichana yule yule, vyote vinatengwa.

Ipo sasa nyumba ya bibi. Kubwa nyeupe, au kubwa, nyeupe? Mimi ningeandika "nyumba kubwa nyeupe" bila mkato. Kubwa ni kimo, nyeupe ni rangi. Ni habari za namna mbili zilizokaa moja juu ya nyingine, hazishindani wala hazisaidiani. Mkato hufaa zaidi sifa zikiwa za namna moja zinazoongezeana nguvu, kama kuchoka, kuchafuka na kuona njaa kwa mtu mmoja. Hata hivyo, hapa mwandishi ana uhuru kidogo. "Aliingia mzee mrefu, mweusi, mkimya" ina mkato kwa sababu msimulizi anataka usimame kwenye kila sifa kabla hujapewa inayofuata. Kwenye hadithi hilo ni ufundi. Kwenye insha ya darasa la tano kuhusu kwenda kwa bibi, nyumba iachwe kubwa nyeupe.

Vimilikishi, vioneshi na idadi havipimwi kabisa. "Watoto wangu wawili wadogo" ina vivumishi vitatu na haina hata mkato mmoja, kwa kuwa cha kwanza kinasema wa nani, cha pili wangapi, cha tatu wa namna gani. Kila kimoja kina kazi yake. Uradidi nao usimchanganye: "vitu vidogo vidogo", "maua mazuri mazuri", neno limerudiwa ili liwe zito au litawanyike, hatutengi kwa mkato.

Kwa Kiingereza, kanuni ni zile zile na vipimo ni viwili: tia "and" kati ya vivumishi, kisha badilisha nafasi. "A cold and windy morning" inakubali, "a windy, cold morning" inakubali, basi sahihi ni "a cold, windy morning". Mkato mmoja, kati ya sifa mbili, na asubuhi imebaki imeshikana na sifa yake. "A big white house" haikubali "and" kwa raha, na ukiigeuza iwe "a white big house" Mwingereza atakunja uso, hivyo haina mkato. Wao wana mpangilio wa asili: maoni kwanza, kisha ukubwa, umri, umbo, rangi, kitu kilikotoka, kisha kilichotumika kukitengeneza. Kivumishi kikitoka daraja tofauti na mwenzake, hakuna mkato kati yao.

Hapa watoto wetu hupata shida ambayo haitokani na uvivu. Kipimo cha kubadilisha nafasi kinamtegemea mtu mwenye sikio la Kiingereza, na sikio la Kiswahili limezoea uhuru. "Nyumba kubwa nyeupe" na "nyumba nyeupe kubwa" zote ni sawa kwetu. Mtoto akigeuza "big white" kuwa "white big" haoni ubaya, anahitimisha kwamba mkato unahitajika, anapata mkasi. Kwa hiyo aanze na "and", na akiwa na shaka ajiulize kama sifa zile ni za namna moja. Baridi na upepo ni hali ya hewa zote mbili: mkato. Ukubwa na rangi ni namna mbili: hakuna mkato.

Mfano mmoja unaokutanisha somo zima: pale mjini Arusha kuna boma la zamani la Wajerumani, ambalo sasa ni makumbusho. Kwa Kiingereza ungesema "an old German building". Umri na asili, namna mbili, hakuna mkato. Na "German" imekua kwa sababu kivumishi chao kilichotoka kwenye jina la pekee hubaki na herufi kubwa. Kwa Kiswahili, "jengo la zamani la Kijerumani": hakuna mkato, K kubwa. Akiweza kueleza sentensi hiyo kwa lugha zote mbili, somo limemwingia.

Insha yake ikisahihishwa isomeke hivi: "Siku ya Jumamosi tulienda Moshi kwa bibi yangu. Ana nyumba kubwa nyeupe chini ya Mlima Kilimanjaro." Mwalimu wake akitaka "mlima" iwe ndogo, afuate mwalimu, ila aiandike hivyo insha nzima. Kinachoudhi msahihishaji ni Mlima mstari wa pili na mlima mstari wa tano, jina lile lile.

Tuisheni kwa jambo hili sioni haja yake. Pesa hiyo nunua daftari. Safari ijayo ya Moshi, mwachie kiti cha dirishani na akuandikie mistari michache kuhusu njia: Tengeru, Usa River, Maji ya Chai, Kikatiti, Boma la Ng'ombe. Kila kituo akitaje ndani ya sentensi yenye kitenzi, si orodha, ili upatanisho ufanye kazi, na kila kimoja akipe sifa mbili au tatu alizoziona kwa macho. Mkifika asome kwa sauti mara mbili, kalamu ya risasi mkononi: mara ya kwanza akitafuta herufi kubwa tu, mara ya pili mkato tu. Akisoma akitafuta vyote kwa pamoja hataona chochote.